Maiti Haulizwi Sanda, Lakini Mzee Aulizwe Maji

Wahenga walisema kwamba maiti haulizwi sanda. Walisema kweli, kwa kuwa aliyekwisha kufa hana tena la kuchagua. Huoshwa na wengine, huvikwa na wengine, na hupelekwa kaburini kwa miguu ya wengine. Lakini ndani ya methali hiyo mna fundisho la pili ambalo aghalabu hatulisikilizi. Ikiwa asiyeulizwa ni maiti, basi aliye hai yampasa aulizwe. Na yule ambaye yu hai bado, anayeona haya na kusikia baridi, nasi tukamvua nguo na kumwosha pasipo kumuuliza neno, huyo tumekwisha kumhesabu miongoni mwa wafu kabla ya siku yake kufika.

Nataka leo kuzungumzia kuogeshwa kwa wazee wetu ambao nguvu zimewaishia, hasa wale wanaoishi katika makazi ya wazee. Huenda mtumishi wa Serikali au mwalimu aliyezoea kusoma katika ukurasa huu juu ya bei ya pamba, ujenzi wa madarasa na nidhamu ya kazi, akaona kwamba jambo hili ni dogo mno, tena la chumbani, lisilostahili wino wa gazeti. Namwomba asiharakishe. Utu wa mtu haupimwi mkutanoni peke yake. Hupimwa zaidi pale ambapo mlango umefungwa, mwenye nguvu amesimama na asiye na nguvu ameketi uchi mbele yake.

Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili nyumbani kwetu Chato, tena kwa aibu. Bibi yangu mzaa baba alipatwa na kiharusi, upande wake wa kuume ukafa ganzi. Nilikuwa likizoni, nikajiona kuwa mimi niliyesoma hadi Chuo Kikuu ndiye ninayefaa kupanga mambo. Nikaandika ratiba kwa mkono wangu na kuibandika ukutani: saa kumi na mbili asubuhi Bibi kuogeshwa, saa moja uji, saa mbili dawa. Kazi ya kumwogesha tukamkabidhi mama yangu, ambaye kwake Bibi ni mkwe, mke wa mwanawe.

Kila asubuhi kukawa na vita. Bibi alilia, alishikilia kanga yake kwa ule mkono mmoja uliobaki na nguvu, na siku moja alilipiga beseni teke maji yote yakamwagika. Sisi tukasema kwamba uzee umemwingia kichwani. Jirani mmoja akasema maneno mabaya zaidi ya hayo, maneno ambayo katika sehemu zetu bibi kizee akisemewa, hawezi kulala usingizi. Kwa muda wa wiki mbili hapana hata mmoja wetu, na mimi msomi nikiwamo, aliyefikiri kumuuliza mwenyewe sababu.

Aliyemuuliza ni binti wa dada yangu, aliyekuja kutusalimu. Aliketi chini karibu naye, wakataniana kama bibi na mjukuu wanavyotaniana, halafu akasema, "Bibi, wewe hupenda kuoga saa ngapi?" Jibu lilikuja bila ya shida. Tangu alipokuwa msichana Bibi alioga jioni, akishatoka shambani na ng'ombe wakisharudi zizini. Hakupata kuoga alfajiri maisha yake yote, na baridi ya alfajiri itokayo ziwani ilimpenya katika mifupa. Tena, asingekubali kuvuliwa nguo na mkwewe, kwani hilo lilikuwa mwiko tangu alipoolewa, na heshima ile aliilinda miaka hamsini. Wajukuu hawakuwa na mwiko huo. Mwisho alisema kwamba uso wake atanawa mwenyewe, maadamu mkono mmoja ungalipo.

Jioni ile mjukuu wake alimkalisha juu ya kigoda, akampa mgongo wa mlango, akamwachia kopo. Hapakuwa na vita tena siku ile, wala baada ya hapo, hadi Bibi alipotutoka. Ratiba yangu niliibandua mwenyewe ukutani.

Nimelisimulia jambo hili si kwa kuwa nyumba yetu ina umuhimu wowote, bali kwa sababu lina swali ndani yake. Ikiwa sisi damu yake, tuliozaliwa mikononi mwake, tulikosea kiasi hicho, itakuwaje kwa mzee aliye mbali na kwao, mikononi mwa watu wasiomjua?

Katika sehemu zetu hizi za Kanda ya Ziwa tunayafahamu makazi ya Serikali ya kutunzia wazee wasiojiweza. Lipo la Kolandoto katika Mkoa wa Shinyanga, na lipo la Bukumbi katika Wilaya ya Misungwi, Mkoa wa Mwanza. Mzee wa Chato au wa Geita asiye na mtu wa kumwangalia huenda akamalizia siku zake katika mojawapo ya mahali hapo. Na wazee wa namna hiyo hawapungui. Vijana wetu wengi wamekwenda machimboni, Rwamagasa, Nyarugusu na kwingineko, ambako wanashinda wameinama juu ya karai la maji wakiosha mchanga, punje kwa punje, kwa subira kubwa, isije ikapotea hata chembe moja ya dhahabu. Siwalaumu kwa kutafuta riziki. Nasema tu kwamba subira ile ile wanayoiweka katika mchanga, wazazi waliowaacha vijijini nao wanaihitaji.

Historia ya makazi mengi ya namna hii nchini, yakiwemo hayo ya Kolandoto na Bukumbi, imefungamana na ugonjwa wa ukoma. Walioletwa zamani waliletwa kwa kuwa jamii iliwaogopa. Wakapona, lakini wengi hawakuwa na kwao pa kurudia, wakazeekea pale pale. Wengine waliofuata ni wajane, wagumba, waliofiwa na watoto, na akina mama vizee waliokimbia tuhuma za uchawi. Usukumani kote tunajua aibu hiyo, ya kwamba mwanamke aliyepikia kuni na samadi maisha yake yote, moshi ukamfanya macho kuwa mekundu, huuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho hayo hayo. Tangu miaka ya 1970 Chama na Serikali vimepambana na mauaji hayo, na watu waliopotea ni wengi.

Sasa tufikiri kidogo juu ya watu hawa, mmoja mmoja, na maji ya kuogea.

Mzee aliyepata ukoma zamani, mishipa ya fahamu ya mikono na miguu yake imekufa. Akitiwa maji ya moto hasikii kwamba yanamwunguza, na kidonda atakachokipata kinaweza kuchukua miezi kupona, au kisipone kabisa. Miguu yake inahitaji kulowekwa majini kwa nusu saa hivi, kisha sugu zisuguliwe taratibu, kisha ipakwe mafuta ili ngozi isipasuke. Mzee huyo alifundishwa mambo hayo na waganga miaka mingi iliyopita, naye ameyatenda kwa mkono wake maelfu ya siku. Mhudumu kijana akija na ndoo na haraka yake, akammwagia maji na kuondoka, hakumvunjia heshima tu. Ametupa ujuzi ambao mzee anao na yeye hana. Lau angeuliza, angefundishwa.

Mama kizee aliyekimbia kijijini kwake baada ya watu kumvamia usiku ana sababu nyingine. Mtu akifungua mlango wake kungali giza, mkononi ana tochi, akamwamuru ainuke avue nguo, moyo wa mama yule unakumbuka nini? Sisi tutaandika katika daftari kwamba ni mkaidi wa kuoga. Kumbe anaogopa, tena hofu yake ina historia. Mhudumu huyo huyo angesubiri jua litoke, akabisha hodi, akatoa salamu yake ya "Mwangaluka" na kungoja kuitikiwa, huenda maji yale yale, katika beseni lile lile, yangepokewa kwa shukrani.

Tena kuna dini. Mzee Mwislamu anataka maji ya kumiminwa, si ya kukalia ndani ya beseni, na anataka awe ametawadha kabla ya wakati wa sala kumpita. Kumwogesha saa za sala ni kumnyang'anya kitu ambacho yeye anakithamini kuliko chakula. Wasimamizi wa makazi ya wazee ya Sebleni na Welezo kule Unguja hawana haja ya kuelezwa habari hizi, lakini huku bara, ambako watu wa dini zote huishi chini ya paa moja, yafaa zielezwe. Mzee mwingine amevaa rozari, mwingine hirizi, na bibi mwingine ana shanga kiunoni alizozivaa tangu alipochezwa unyago. Nimeona kwa macho yangu, mahali ambapo sitapataja, mhudumu akikata kamba ya kitu kama hicho kwa wembe kwa sababu kilikuwa kinamsumbua anapopaka sabuni. Alikuwa hana nia mbaya. Lakini mzee yule alikaa siku tatu bila ya kusema na mtu.

Na mwishoni kuna tofauti za kawaida tu, za mtu na mtu. Huyu hupenda maji ya baridi, yule ya uvuguvugu. Huyu husugua mwili kwa dodoki, yule hawezi kulivumilia. Huyu hutaka kukaa, yule husimama ameshika ukuta. Mvuvi mzee wa huku kwetu ambaye ameoga ziwani tangu utoto haoni raha kufungiwa katika chumba kidogo chenye giza. Hatuwezi kumrudisha ziwani, kwa sababu ya kichocho na mamba, na kwa sababu miguu yake haimchukui. Lakini tunaweza kumwekea kigoda katika ua uliozungushiwa matete, apigwe na upepo, ajimwagie mwenyewe kwa kata. Amepata nusu ya alichotaka, na nusu hiyo ni ya thamani kwake.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya anasa, kwamba nchi yetu ina kazi kubwa zaidi ya kufanya kuliko kuwauliza vikongwe wanataka maji ya namna gani. Kwa hao ninakumbusha msingi tuliojiwekea. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilianza kwa kutangaza imani ya TANU, na mambo mawili ya kwanza katika imani hiyo ni usawa wa binadamu na heshima anayostahili kila mtu. Azimio hilo hilo, lilipomtaka kila mwenye nguvu afanye kazi, liliwatoa watoto wadogo, wazee na wasiojiweza, kwa maana kwamba kutunzwa kwao na wenzao si unyonyaji. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kueleza sababu katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962: mzee aliyeonekana kukaa bure katika jamii yetu ya zamani alikuwa amefanya kazi kwa bidii ujana wake wote. Anachokula leo si sadaka.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 nayo inasema waziwazi. Ibara ya 11 inataka uwekwe utaratibu wa kuifanikisha haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee. Ibara ya 12 inasema kwamba kila mtu anastahili kuheshimiwa utu wake. Ibara ya 16 inamlinda mtu katika nafsi yake na maisha yake ya faragha. Sioni mahali popote katika ibara hizo palipoandikwa kwamba haki hizo humtoka mtu anapovuka kizingiti cha makazi ya wazee. Kadhalika Umoja wa Mataifa, katika Kanuni zake kwa ajili ya Wazee zilizopitishwa mwezi Desemba mwaka 1991, ulitamka kwamba mzee anayeishi katika nyumba ya kutunzwa abaki na heshima yake, imani yake na faragha yake, pamoja na haki ya kuamua juu ya matunzo anayopewa. Nasi tulitunga Sera yetu ya Taifa ya Wazee mwaka 2003. Kwa hiyo hapana anayeombwa fadhila hapa.

Nayajua matatizo ya wale wanaofanya kazi hii, na sitaki mtu yeyote afikiri kwamba nawadharau. Wahudumu ni wachache. Mmoja anaweza kuwa na wazee wengi kupita kiasi, na maji pengine yachotwe mbali. Anaanza zamu asubuhi, na anataka wote wawe safi kabla ya mkubwa wake kupita. Kazi yenyewe ni nzito, ina harufu, na watu wa nje hawaisifu. Aghalabu wanaofanya kazi hii ni watu wenye huruma kuliko sisi tunaoandika.

Lakini tulitazame sawasawa tatizo lenyewe. Kumuuliza mzee anataka kuoga asubuhi au jioni hakuongezi hata ndoo moja ya maji. Ikiwa nusu ya wazee wanataka jioni, kazi ya asubuhi imepungua nusu. Kufunga pazia hakuhitaji bajeti ya Wizara. Kumwacha mzee anawe uso wake mwenyewe kunamwongezea mhudumu dakika, si saa, na viungo vya mzee vinavyotumika haviwahi kukauka. Tena mzee mwenye ngozi kavu na nyembamba hahitaji kusuguliwa mwili mzima kwa sabuni kila siku. Uso, makwapa, sehemu za siri na miguu visafishwe kila siku, na kuoga kamili mara mbili au tatu kwa juma kwaweza kumtosha. Yule anayewakimbiza wote bafuni kila alfajiri anapoteza maji na nguvu zake, na anawachuna wazee ngozi.

Kuna swali gumu zaidi: je, mzee akikataa kabisa? Huwezi kumwacha aoze na vidonda, wala wenzake katika chumba hawawezi kuvumilia harufu kwa ajili ya hiari yake. Nakubali. Usafi ni wa lazima, lakini namna ya kuupata si moja. Kwanza itafutwe sababu, kwa maana kukataa ni lugha. Aghalabu ni baridi, au maumivu ya viungo, au haya, au hofu ya kuteleza sakafuni. Ikipatikana sababu, mara nyingi kukataa kunakwisha.

Wenzetu wa Marekani walilifanyia uchunguzi jambo hili, na matokeo yakatolewa mwaka 2004. Walikwenda katika nyumba 15 za kutunzia wazee katika majimbo ya Oregon na North Carolina, wakawachagua wazee waliopotewa na kumbukumbu ambao walikuwa wakipigana na wahudumu kila wanapoogeshwa. Wahudumu wakafundishwa kufuata apendavyo mzee: saa yake, joto lake la maji, maneno ya upole, mwili kufunikwa na kufunuliwa kidogo kidogo. Wengine wakaogeshwa kitandani kwa mataulo ya uvuguvugu bila ya kuvuliwa kabisa. Ule ugomvi wa kupiga na kusukuma ukapungua kwa zaidi ya nusu, na ngozi za wazee hazikuharibika. Hao walikuwa wazee ambao akili zao zimechoka. Basi ikiwa aliyesahau jina la mwanawe bado anajua anavyotaka kuoga, itakuwaje kwa mzee wa Kolandoto mwenye akili timamu, anayekumbuka hata mwaka aliopiga kura ya kwanza ya Uhuru?

Nini basi kifanyike? Napendekeza mambo machache, yote yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, kila makazi ya wazee yawe na daftari, na kila mzee awe na ukurasa wake. Siku anapopokewa, baada ya jina na kijiji, aulizwe maswali matano: Wataka kuoga saa ngapi? Maji ya namna gani? Nani akuogeshe? Wapi, na umekaa au umesimama? Ni kitu gani utafanya mwenyewe, na ni kitu gani hutaki kiguswe? Majibu yaandikwe kama dawa zinavyoandikwa, na mhudumu wa zamu ayasome kabla ya kushika ndoo. Asiyeweza kusema waulizwe ndugu zake, na asiye na ndugu utazamwe uso wake, maana uso nao hujibu.

La pili, mwanamke asiogeshwe na mwanamume, wala mwanamume na mwanamke, bila ya ridhaa yake. Pale ambapo wahudumu wa jinsia moja hawatoshi, halmashauri zinazohusika zitazame suala hilo zinapopanga watumishi, badala ya kuhesabu vichwa peke yake.

La tatu, wanafunzi wa uuguzi na wa ustawi wa jamii wafundishwe kazi hii kama kazi ya utaalamu. Na kabla ya kumwogesha mzee yeyote, kila mwanafunzi aogeshwe na mwenzake japo miguu na mikono, amefumba macho na amekatazwa kusema. Atajifunza katika dakika tano kile ambacho kitabu kingemfundisha kwa muhula mzima.

La nne, mabaraza ya wazee, ambayo Sera yetu inayatambua, yasiitwe kwenye sherehe tu. Yaende kukagua bafu. Yaulize kama mlango unafungika, kama pana kigoda imara, kama sakafu haitelezi, kama maji yanapimwa kwa kiwiko kabla ya kumgusa mtu mwenye ganzi.

La tano linatuhusu sisi wengine, walimu, watumishi, viongozi na waandishi wa habari. Kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, tunakwenda katika makazi hayo na sukari, kanga na miche ya sabuni. Ni vizuri, na wazee hupokea kwa shukrani. Lakini mara nyingine tunakwenda pia na kamera, na kuna mtu aliyejitolea kumnawisha mzee miguu mbele ya kamera hiyo bila ya kumuuliza kama anataka kunawishwa, au kama anataka kuonekana nchi nzima akiwa katika hali hiyo. Tulete sabuni. Kisha tukae chini, tuulize, "Mzee, hii sabuni ungependa uitumieje?" Mwalimu anayewapeleka wanafunzi wake huko awafundishe swali hilo kabla ya kuwafundisha wimbo.

Serikali imefanya kazi kubwa ya kuwaletea wananchi maji. Maji ya Ziwa Victoria yanavutwa kwa mabomba kutoka Ihelele, Misungwi, yakapita katika nchi kavu hadi Kahama na Shinyanga, ambako babu zetu walichimba visima mitoni wakati wa kiangazi. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini safari ya maji hayo haiishii bombani. Inabaki ile sehemu fupi ya mwisho, kutoka bombani hadi katika mwili wa mzee asiyeweza kujichotea. Sehemu hiyo haijengwi na mhandisi. Inajengwa na mhudumu anayebisha hodi, na wakubwa wake wanaomwezesha kufanya hivyo.

Ndugu msomaji, mtumishi wa umma kwa kawaida hustaafu kwa lazima akiwa na umri wa miaka 60, na umri huo huo ndio ambao Sera ya Taifa inamwita mtu mzee. Kwa hiyo siku utakapopeana mikono na wenzako ofisini, wakakukabidhi zawadi yako na kukupigia makofi, ndiyo siku utakayoingia katika hesabu ya wazee, ambao katika Tanzania yetu wamekwisha kupita milioni 3. Mungu akujalie nguvu na watoto wema. Lakini hapana ajuaye mkono gani utakaoshika kopo lake. Wahenga waliosema kwamba maiti haulizwi sanda ndio waliosema pia kwamba mwosha huoshwa. Kila mhudumu, kila afisa na kila mtoto wa mtu ajiulize leo angependa siku yake iweje, akanyanyuke, akamwendee mzee aliye karibu naye, akamuulize.